Mama Taimingi na bunduki ishirini za rangi

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana uko wazi na fundi ameshavaa barakoa yake ngumu ya kukinga uso. Anaelekeza bunduki kwenye ubao mkubwa ulioegemezwa ukutani, uliojaa madoa ya kila rangi, kisha anavuta kifyatulio. Pa! Doa jipya la njano. Anatega sikio, anakunja uso, anachukua spana.

"Imewahi," anasema. "Kidogo tu, lakini imewahi."

Bunduki hizi haziui mtu. Ni za mchezo. Zinarusha kwa hewa gololi laini zilizojaa rangi, na anayepakwa rangi ndiye aliyetoka. Watu wazima na akili zao hulipa ili wakimbizane nyuma ya matairi na kupakana hivyo mpaka wachoke. Mwanamke huyu, ambaye uwanjani wanamwita Mama Taimingi kwa kuwa kila kukicha anahubiri taimingi, yaani kila kipande cha mashine kifanye kazi kwa wakati wake, ndiye anayehakikisha zinafyatuka.

Leo jina hilo linatamkwa kwa heshima. Wiki mbili zilizopita lilikuwa la kumcheka.

Alikuwa fundi wa mashine za kushona kiwandani. Kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani mwaka mzima, hadi mume wa dada yake, ambaye ndiye meneja wa uwanja huu, alipompa meza, taa na bunduki ishirini zilizochoka. Maneno yakaanza siku hiyohiyo.

"Nikipita wananyamaza," anasimulia. "Eti kazi ya shemeji. Eti huyo anajua cherehani tu. Iliniuma, sikufichi."

Na bunduki zenyewe zikawapa la kusema. Mezani zililia vizuri kabisa. Zikifika uwanjani, moja inapasua gololi ndani ya mtutu, nyingine inagoma. Mteja mmoja alitoka anachuruzika bluu mpaka viwikoni, moja kwa moja hadi kwa meneja.

"Nimekuja kupakwa rangi na adui," alifoka, "siyo na bunduki yangu mwenyewe!"

Fundi akabadilisha springi. Akabadilisha oringi, vile vimpira vinavyozuia hewa isivuje. Akalaumu gololi, zikaletwa nyingine. Wapi! Meneja akamwita pembeni.

"Shemeji, Jumamosi zikifeli tena nawaita watu wa vyuma chakavu," alimwambia. "Na hapo mimi na wewe tutabaki kuonana kwa dada yako tu."

Jioni hiyo, jirani akamletea cherehani inayoruka nyuzi. Jirani alikuwa ameizungusha weee, bila uzi wala kitambaa, akishangaa mbona inakwenda sawa. Fundi akamjia juu: tangu lini mashine ikajaribiwa bila kitambaa? Kisha mkono ukamganda hewani.

"Kumbe nilikuwa najigombeza mwenyewe," anasema, akicheka hadi anafuta machozi. "Mimi niliyekulia kwenye mashine, nimeseti bunduki ishirini nzima zikiwa tupu!"

Ndivyo walivyozoea pale. Gololi ni ghali na zinachafua karakana, kwa hiyo kila fundi aliyepita aliseti kwa hewa peke yake na kuridhika na mlio.

"Ukivuta, nyundo ya ndani inagonga, hewa inatoka," anaeleza, bunduki ikiwa imefunguliwa mezani. "Halafu bolti, hiki chuma kinachosukuma gololi mtutuni, inarudi nyuma, gololi nyingine inadondoka, bolti inafunga. Sasa gololi inataka nafasi ya kukaa. Bolti ikiwahi, inaing'ata katikati. Rangi ikishamwagika ndani, nyundo inanata, hairudi. Ukivuta tena unaambulia 'ti', basi."

Dawa yake ni skrubu moja kwenye kifimbo kinachounganisha kifyatulio na bolti. Ukiizungusha kidogo, bolti inasubiri. Ila lazima gololi iwemo, na gololi ilibidi amwombe meneja.

"Unataka kufanya kazi au kucheza?" meneja aliuliza.

"Nipe boksi, shemeji. Utacheka baadaye."

Jumamosi ikafika: wauguzi dhidi ya madereva wa malori. Fundi alisimama nyuma ya wavu, roho mkononi, haangalii mchezo kabisa. Alikuwa anasikiliza tu. Pa, pa, pa. Hakuna iliyogoma. Hakuna aliyelalamika. Mkunga mmoja mnene aliibuka nyuma ya pipa, akampaka kijani dereva wa mwisho kifuani, na wauguzi wakapiga vigelegele kama wameshinda nchi.

Meneja hakushangilia bado. Alichukua kitambaa cheupe, akakipitisha kwenye mtutu wa kila bunduki, moja baada ya nyingine. Kilitoka cheupe hadi ya mwisho. Akakiinua juu mbele ya watu wote, na hapo Mama Taimingi akakaa chini kwenye nyasi akalia kwa furaha, bila aibu.

Refa aliyekuwa kinara wa kumsema alikuja siku ya pili na bunduki yake binafsi kwapani. "Fundi, nitazamie na hii," alisema. Uwanja mwingine nao umeshapiga simu, na meneja amekubali meza ziongezwe.

Meza hizo ameshajua za nani. Wenzake watatu wa kiwandani bado wako nyumbani, na mwezi ujao anataka waanze.

"Wote wanajua taimingi kuliko mimi," anasema, kifua mbele, akivaa tena barakoa. "Na andika hili vizuri, mwandishi: hakuna hata mmoja ambaye ni shemeji wa mtu hapa."