Jaribio la Arobaini na Moja

Kwa miaka ishirini na tisa ya unesi, Mutindi alikuwa ameosha usaha, matapishi na mengine yasiyotajwa mbele ya chakula, na hakuna aliyewahi kumwona akikunja pua. Kilichokuja kumtia kinyaa, mwaka wa 1998, akiwa amebakiza miezi michache astaafu, kilikuwa karatasi safi iliyopigwa chapa.

Kituo chao cha afya kilikuwa cha misheni moja upande wa Kabati, Ukambani, jina tulistiri. Wafadhili walikuwa wamekinunulia kompyuta, na programu ya kuweka rekodi za chanjo ikaandikwa na Nzuki, bwana wa tai na manukato kutoka Nairobi, ingawa kwao ni Migwani, huko huko Ukambani. Kabla ya programu kupokewa ilibidi ijaribiwe, na Mutindi, mkuu wa kliniki ya watoto, atie saini. Akishatia, kadi elfu mbili za watoto zingechomwa ili chumba zilimowekwa kiwe ofisi. Akina mama wa hapo hawakupewa nakala. Kosa likipita, basi, halina pa kusahihishiwa.

Majaribio yalikuwa arobaini. Mutindi akavaa miwani akasoma. "Bonyeza F2. Andika herufi nane. Bonyeza Enta. Shuka mistari mitatu. Angalia kama iko sawa." La pili hivyo hivyo, la thelathini hivyo hivyo, na kila moja likiishia na hiyo iko sawa. Sawa na nini? Kurasa kumi na mbili, na ndani yake hamna mtoto hata mmoja, hamna mama, hamna sindano! Vidole tu vikitembea juu ya vitufe. Aliisukuma ile karatasi kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayeondoa panya aliyefia kwenye unga.

"Mwaitu, hiyo ni mambo ya technical," Nzuki alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Wewe weka tiki, weka saini, maneno kwisha."

"Ukijaribu vitufe utajua vitufe vinabonyezeka. Mimi nataka kujua mtoto atafanyiwa nini."

Wanafunzi wa unesi aliwafundisha miaka yote kwa njia moja. Kwanza sema hali ilivyo, halafu kinachotokea, kimoja tu, maana ukitia viwili hutajua kipi kimeharibu. Kisha sema kinachopaswa kuonekana, kwa maneno ambayo hata mama mzazi akisomewa ataweza kuyakubali au kuyakataa. Akachukua kalamu akaandika jaribio la arobaini na moja:

"Ndululu Mbuvi, binti wa Nzioka, amechanjwa ukambi. Ndululu Mbuvi, binti wa Ndeti, ana miezi tisa na hajachanjwa. Huyu wa pili analetwa kliniki. Kompyuta iseme: bado, apewe sindano."

Hakuwatunga hao. Nzioka na Ndeti walikuwa ndugu wa boma moja, na kila mmoja alimpa binti yake jina la mama yao mzee, kama Mkamba yeyote afanyavyo, jina la babu likafuata. Nzuki mwenyewe alikuwa na binamu wawili waitwao Nzuki. Mtu wa kwetu kusahau jambo hilo, hata tai haimwombei msamaha.

Nzuki akayaingiza yote kama yalivyoandikwa. Kompyuta ikasema: amechanjwa.

Mutindi akangoja kuambiwa kwamba programu itarekebishwa. Baada ya chakula cha mchana Nzuki akarudi na karatasi mpya, na nyuma yake Musembi, msimamizi wa kituo na mzee wa kanisa. Jaribio sasa lilisomeka: "Ndululu Mbuvi amechanjwa. Analetwa kliniki. Kompyuta iseme: amechanjwa." Majaribio arobaini na moja, yote yamepita.

"Na yule mtoto wa pili?" Mutindi akauliza.

"Tulimtoa," Nzuki akasema. "Alikuwa anaharibu test."

Kwake, heri kidonda kinachooza kuliko ule uso wa Nzuki uliotulia. Programu hawakuigusa, walilikarabati swali mpaka likakubaliana na jibu, na sasa walikuwa wameridhika. Akaiweka kalamu chini.

"Sista Mutindi, wafadhili wanakuja Friday," Musembi akasema. "Usituaibishe."

"Mimi siwezi kusaini uchafu."

Basi Musembi akasaini mwenyewe. Alhamisi kadi zikachomwa nyuma ya choo, na Mutindi akahamishiwa wodi ya wazazi, ng'ambo ya ua. Mwezi uliofuata mke wa Ndeti alimleta Ndululu wake. Karani akatazama kompyuta, akamwambia, "Huyu amechanjwa, rudi nyumbani." Mama alibisha kidogo, lakini nani hubishana na mashine ya wazungu? Akamfunga mtoto mgongoni akaenda zake.

Ukambi ulipita vijijini mwezi wa tisa, na Ndululu wa Ndeti akazikwa Jumamosi. Mutindi alisimama nyuma kabisa, akijichukia mwenyewe pia. Kuweka kalamu chini hakukumchanja mtoto; angaliweza kutembea hadi kwa Ndeti akamwambia, na hakutembea. Mbele, Musembi aliongoza maombi akiwa amevaa suti. Akainua mikono. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Watu wakaanza kuitikia amina. Mutindi akapita katikati ya akina mama mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Usimsingizie Mungu, Musembi," akasema, wote wakisikia. "Saini ni yako."