Uzi wa Kioo Ukutani mwa Madrasa

Bwana Abdulwahid, fundi mwashi wa Faza, alizoea kugonga ukuta wa mawe kwa kiganja, kisha kumgeukia mwanawe Shuaib: "Wasemaje?" Swali hilo ndilo lililomfanya Shuaib ajione mtu. Rumaisa, dada yake mdogo, hakuwahi kuulizwa. Sasa Rumaisa amerudi kutoka chuo kikuu, na baba anamuuliza yeye.

Kisa ni ufa wa madrasa ya zamani. Rumaisa alibandika juu yake uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, akauunganisha na mashine inayopitisha mwanga.

"Ndani ya uzi mna alama ndogo, zimepangwa kama meno ya chanuo," alimweleza baba. "Zinarudisha rangi moja tu ya mwanga. Ukuta ukiuvuta uzi, meno yanaachana, rangi inabadilika, mashine inaona."

Baba aliinama kuutazama uzi kwa furaha ambayo Shuaib hakuwahi kuiona. Roho ikamuuma.

"Jua likiwaka uzi utatanuka," Shuaib akasema. "Utatwambia ukuta umehama, kumbe ni joto."

"Kweli, kaka. Ndiyo maana nimeweka wa pili pembeni, sikuubandika. Huo wahisi joto tu, nasi twaliondoa kwenye hesabu."

"Mashaallah," baba akasema, na hakuwa akimwambia Shuaib.

Shuaib akauegemea ukuta kwa bega, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alitaka uzi ule ushindwe mbele za watu. Mstari wa vipimo kwenye kompyuta ya Rumaisa ukapanda kidogo.

"Umekuhisi! Wallahi umekuhisi!" baba akapiga makofi, na wanafunzi wa madrasa waliokuwa wakitazama wakacheka.

Mvua za masika zilipokolea, mstari ulipanda, na haukushuka tena. Rumaisa akaomba madrasa ifungwe siku hiyohiyo. Wazee wa mji wakamtazama Bwana Abdulwahid, naye akamgeukia mwanawe.

"Shuaib, wewe wasemaje?"

Hatimaye! Shuaib akagonga. Ukuta ukajibu kwa sauti ya kitu kilichooza ndani. Akimwambia baba hivyo, atakuwa ameupa uzi wa Rumaisa ushindi.

"Mzima," akasema.

Baba akamwamini. Wanafunzi wakarudi ndani. Rumaisa akafunga mashine yake, macho yamejaa machozi.

Shuaib akaenda kuketi barazani, jirani na hapo, akaagiza kahawa. Sauti za watoto wakisoma Kurani zilimfikia pale alipoketi. Kahawa ilipoletwa, hakuigusa. Akaacha kikombe, akakimbia, akaingia madrasani na viatu.

"Tokani! Nyote, tokani!"

Ukuta ulianguka siku hiyohiyo, watu wakiwa msikitini kwa sala ya alasiri. Hakuumia mtu.

Faza nzima ikausifu uzi wa Rumaisa. Hakuna aliyemsifu Shuaib, kwani ndiye aliyesema ukuta ni mzima, naye alijua hakustahili. Hata hivyo wivu haukumtoka.

Walipojenga upya, yeye ndiye aliyeulaza uzi mpya ndani ya chokaa, kwa mikono yake, taratibu usivunjike.

"Kaka," Rumaisa akanong'ona, "siku ile ulijua tangu ulipogonga, sivyo?"

Shuaib akaendelea kusawazisha chokaa. "Ndiyo," akasema baadaye, bila kuinua macho. "Nilijua."

Mlangoni baba alikuwa akimwita Rumaisa aje amwonyeshe mstari kwenye kompyuta, na Shuaib akamsikia dada yake akiinuka na kwenda.