Duara lililoonekana yai kwenye kompyuta, na kuba la baba yangu

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenipata mwenyewe, na anayebisha aje Temeke nimwonyeshe ushahidi, bado upo juu ya paa.

Miaka ya tisini nilikuwa nachapa barua za watu kwenye ofisi ya kompyuta pale Sinza. Nimemaliza form four, kazi nyingine sina.

Kompyuta moja ilikuwa na programu ya kuchora maumbo ambayo hakuna aliyeigusa. Wateja wakipungua naifungua, najifundisha.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea, Manzese. Nilimsumbua sana anichukue niwe mchoraji wa karakana yake. Jibu lake siku zote lilikuwa kwamba chuma hakifuati picha.

Basi akapata kazi ya kuba la msikiti Temeke: fremu ya chuma yenye matundu manne ya vioo vya duara. Vioo vilishakatwa. Tatizo, kioo ni bapa na kuba limepinda, huwezi kukiegemeza ukakichora pembeni. Kuba walilotengeneza kabla ya hilo walikadiria kwa macho, likavuja.

Nikaomba nichore mie. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Chora. Vioo vikikaa, unakuja huku. Visipokaa, usinisumbue tena."

Nikachora kuba zima. Nikaweka duara kwenye ubavu wake, likaonekana yai.

Dada tuliyekuwa tunachapa naye akapita, akacheka, akauliza hilo kuba linataga? Nami nikaona kweli, duara gani hili. Nikalivuta juu na chini mpaka likawa mviringo safi kwenye skrini. Nikachukua vipimo, nikampelekea mzee.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Baba akakata tundu la kwanza. Kioo kilipowekwa, kushoto na kulia sawa, lakini juu na chini mkono unapita. Mafundi wakacheka. Baba hakunifokea, alizima mashine tu, na hiyo iliniuma kuliko kufokewa.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama akaniwekea bakuli la mchuzi. Kutoka pale nilipokaa, mdomo wa bakuli ulikuwa yai. Nikainuka, nikaliinamia, duara. Nikakaa, yai. Mama akauliza kama mchuzi una inzi.

Wakuu, programu haikukosea. Duara lililolala kwenye mteremko ni lazima lionekane yai ukilitazama kwa mbele. Mie ndiye niliyeliharibu ili lipendeze machoni.

Kwenye karatasi duara linataka kitovu na ukubwa. Hewani linataka na kitu cha tatu: limeelekea wapi. Programu ilikuwa inajua, ukiipa nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja, inapata mteremko wenyewe. Mie nilikuwa nimekadiria, kama wao.

Asubuhi nikaenda karakana. Nikamwamkia baba, nikamweleza nilipokosea, nikaomba tupime nukta tatu kwenye fremu yenyewe, tundu la pili. Mafundi wakaguna. Sikuondoka.

"Mpeni ngazi," baba akasema.

Nikapanda na tepu, nikapima. Sinza nikachora upya. Yai likatokea tena, dada akacheka tena. Safari hii sikuligusa.

Siku ya kujaribu, kioo kiliingia pande zote. Roho yangu ilitua. Baba akapitisha kidole ukingoni, mzunguko mzima, akitafuta pa kulaumu. Hakupata.

Akaniambia, "Barua za watu watachapa wengine."

Tundu la kwanza tuliliziba kwa kuchomelea, tukalikata upya kwa mchoro wangu, na mawili yaliyobaki yakafuata. Nilichora pale karakana mpaka mzee alipostaafu.

Nilichojifunza: ukiwa na uhakika wa vipimo vyako, usibadilishe kazi kwa sababu anayepita ameona vibaya. Ila hakikisha kwanza umepima kweli.

Wenye visa vya kompyuta za enzi hizo shusheni hapa, hasa dada zangu wa ufundi.

Ukipita nje ya ule msikiti ukatazama juu, vioo vinaonekana mayai mpaka leo. Anayebisha, nitamletea ngazi.