Token za Kilo zilivyokosa bei kwenye software ya kodi, na tulivyoipata

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Guangzhou, nina ofisi ndogo ya kupanga mizigo hapa jengo la Tianxiu. Ninayoandika nimeyafanya kwa mikono yangu. Mhusika ameniruhusu, ila jina lake nimebadilisha.

Sheria za China kuhusu crypto tuziweke pembeni. Uzi huu ni wa kodi ya nyumbani.

Iko hivi.

Kuna dada, tumwite Neema, ana duka la mikoba Moshi. Agent mmoja wa cargo hapa mtaa wa Xiaobei alianzisha token yake, yaani sarafu ya mtandaoni, akaiita Kilo. Token moja ilikuwa sawa na kilo moja ya mzigo wa ndege hadi Dar. Ukinunua mapema, bei ya kusafirisha ikipanda wewe huna presha.

Neema alinunua nyingi kwa USDT, ile crypto inayolingana na dola, baada ya mwaka mpya wa Kichina, wakati mizigo ni michache. Msimu ulipochanganya, akawauzia wenzake zilizobaki. Faida alipata, wala hajaificha.

Shida ilianza pale mhasibu wake wa Moshi alipotaka ripoti ya mauzo hayo. Bila ripoti hesabu za kodi hazifungwi, na zisipofungwa leseni ya duka haihuishwi.

Neema akaunganisha wallet yake na software ya kodi za crypto. Kila mstari wa Kilo ukatoka na alama nyekundu: bei haipo.

Alikuwa huku Guangzhou kufuata mzigo, akaja ofisini kwangu na laptop.

"Kaka Elia, hata hii nayo inasema meiyou, kama muuza zipu wa kule chini."

Kwa msiokuwa huku, meiyou ni "hakuna". Madukani tunalisikia kuliko salamu.

Mambo haya nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma maelekezo mpaka mwisho. Software hutafuta bei ya token kwenye masoko makubwa. Kilo haikuwahi kufika soko lolote. Ikikosa bei, hii aliyotumia yeye inaweka gharama sifuri, yaani ni kama Neema alizipata bure zote na kila dola aliyouzia ni faida tupu. Kodi iliyotokea hapo ingemeza mzigo mzima wa mikoba.

"Si tuweke tu bei yoyote nzuri?" akauliza.

"Nzuri kwa nani?"

"Kwangu, jamani. Kwani wewe uko upande gani?"

Nikamwambia kwanza tuone bei ilipotelea wapi.

Nikafungua miamala yake. USDT zimetoka Jumatatu, Kilo zimeingia Jumatano. Unaofuata, vilevile. Yote vilevile. Nikacheka.

Wakuu mnaofanya biashara huku mnajua. Unamlipa laoban leo, bosi mwenye duka, anakwambia chako njoo kesho kutwa, na hakuna anayeshtuka. Agent naye alitoa Kilo kwa mtindo huo huo. Sisi tumezoea. Software inaona mtu katuma dola kwa asiyejulikana, halafu siku nyingine kaokota Kilo njiani.

Kumbe bei ilikuwepo muda wote, upande wa pili wa biashara.

Nikaunganisha kila malipo na Kilo zake, nikaiambia software kuwa hii ni trade moja. Bei ya USDT inajulikana. Ukigawanya thamani yake kwa idadi ya Kilo, una bei ya Kilo kwa siku ile. Msichukue bei ya leo mkaijaza kote, maana Kilo ya baada ya mwaka mpya na Kilo ya msimu zilipishana mno.

Alama nyekundu zikaanza kuzimika. Neema akavuta kiti karibu na laptop.

Ikabaki mistari michache ya nyongeza. Agent akifurahi anakuongezea Kilo juu. Hizi hazikuwa na upande wa pili.

"Zijazie bei kama zingine," akasema.

"Ulizilipia?"

"Nilimletea wateja."

"Alisema anakulipa kwa hilo?"

"Alisema ni zawadi ya mwaka mpya."

"Basi ni sifuri."

"Kaka, wewe ungekuwa na duka ungefunga ndani ya wiki."

Kando ya kila bei nikaandika imetoka kwenye muamala upi. Tukamtumia mhasibu ripoti.

Mhasibu alipiga simu tukiwa wote ofisini. Neema akaweka spika.

"Neema, nimeona bei umejaza mwenyewe. Wateja wangu wakijaza wenyewe huwa hawapati faida hata siku moja, karibu niirudishe ripoti. Sasa hizi sifuri chache ni za nini?"

"Hizo nilipewa bure, mzee."

Tukamsikia akipekua kurasa.

"Mtu wa kudanganya asingeziacha hizo. Nafunga hesabu."

Wakuu, leseni imetoka. Neema kalipa kodi ya faida aliyoipata kweli, na mikoba iko bandari ya Nansha, safari hii inasubiri meli. Mimi nimeletewa chapati, na kila mwenye Kilo hapa Tianxiu sasa anagonga mlango wangu.

Nilichojifunza: kuna sifuri ya software kutojua, na kuna sifuri ya kweli. Ya kwanza itafutieni bei upande wa pili. Ya pili iacheni ilivyo. Kwetu ndiyo iliyofanya bei nyingine zote ziaminike. Kila nchi ina kanuni zake, kwa hiyo mhasibu wenu aulizwe.

Aliyewahi kulipwa token kwa bidhaa, bila USDT kuhusika, aeleze bei aliipataje. Hiyo sijaifanya bado, na mteja wa tatu leo kaja nayo.