Fundi Aliyepima Injini kwa Sikio

Fundi wetu mkuu tulimwita Masikio. Kwa miaka ishirini na sita alisimama kando ya ndege zetu ndogo, macho kayafumba, akizungusha skrubu ya mafuta mpaka injini iache kigugumizi. Geji za kupimia mafuta aliziona ni za wanafunzi. Tulimwonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha ikaja ndege yenye turbo, na rubani wake akawa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Turbo huisukumia injini hewa nyingi. Wakati wa kuruka, injini ikitoa nguvu zake zote, lazima ipewe petroli kupita kiasi. Ile ya ziada haiongezi nguvu, kazi yake ni kupoza silinda. Injini iliyoshiba hivyo huunguruma kizitokizito, kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Masikio hakuipenda sauti ile. Akapunguza mafuta mpaka ikalainika, akapangusa mikono, akaenda zake kunywa chai.

Jumanne asubuhi ndege iliruka, na kabla haijavuka uzio pistoni mbili zikayeyuka. Mkwe aliishusha shambani, akatoka na mbavu tatu zimevunjika.

Wakaguzi walipoona pistoni zimetoboka, wakasema rubani alivuta mapema mkono wa mchanganyiko, ule wa kupunguzia petroli angani, ili abane mafuta. Leseni yake ilikuwa inakwenda na maji. Masikio aliujua ukweli, akakaa nao siku kumi na moja. Binti yake alimwuliza kama anaumwa, akajibu hapana, na kweli hakuumwa. Hakuwa na huzuni wala hofu. Alikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mimi nilimkasirikia. Lakini siku ile ya skrubu ni mimi niliyemshikia tochi, na mimi pia nilinyamaza, kwa hiyo hasira yangu ilikuwa ya bure.

Siku ya kikao cha wakaguzi Masikio alisimama bila kuitwa. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri.

"Mkono haukuguswa. Mafuta niliyapunguza mimi. Sikutazama geji."

Mkaguzi aliandika, kisha akamwambia rubani kwamba basi yeye hana kosa, anaweza kwenda. Mkwe hakuinuka. Alikuwa ameshika mbavu zake.

"Mimi niliitazama," alisema. "Kabla sijaachia breki. Mshale wa mafuta ulikuwa chini ya mstari wa kurukia."

Mkaguzi akauliza kwa nini basi aliruka.

"Ni mkwe wangu. Ningeanzaje kumwambia amekosea?"

Likaandikwa na hilo. Leseni zote mbili, ya fundi na ya rubani, zilichukuliwa kabla ya saa sita. Binti alikuwa nje, anawasubiri ndani ya gari. Wanaume wale wawili walibaki mezani, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie kutoka.