Magoti ya Mama Hajara

Mama Hajara, shangazi yangu, alikuwa na miaka hamsini na minne, na magoti yake yalilia kama kitanda cha kamba. Akisujudu, tulimsikia tukiwa uani. Akiinuka, alishika ukuta na kumtaja Mungu kwa sauti ambayo haikuwa sehemu ya swala.

Hakujali sana mpaka mwaka 1974, binti yake Medina alipoposwa na watu wa mji wa Koboko. Katika ukoo wetu wa Kinubi, mama wa bibi harusi ndiye anayefungua doluka, ngoma yetu ya harusi. Huingia uwanjani peke yake, hushuka taratibu akikunja magoti mpaka nguo iguse vumbi, kisha hupanda bila kushikwa. Mama yake alishuka hivyo, na bibi yake pia. Zilibaki wiki tatu, na yeye hata kigoda cha jikoni kilimshinda.

"Usijali, dada," mdogo wake Rabia alimwambia. "Nitashuka mimi. Wewe utakaa kitini, tukupepee."

"Nipepewe kama mgonjwa kwenye harusi ya mwanangu? Hata!"

Kesho yake alichimba shimo nyuma ya nyumba. Akaweka makaa, juu yake vipande vya mgunga, na juu ya shimo mkeka wenye tundu. Akakaa hapo, amejifunika blanketi mpaka shingoni, moshi ukimpanda miguuni. Mama yake alikuwa akisema moshi huo hulainisha viungo vilivyokauka.

Alichosahau ni kwamba katika mtaa wetu wa Tanganyika, hapa Arua, Uganda, moshi wa mgunga una habari moja tu: humo ndani kuna mwanamke anayeandaliwa mume. Medina alikuwa Koboko tayari, akiandaliwa huko. Nyumbani alibaki Mama Hajara, mjane kwa miaka sita sasa.

Vigelegele vilianza kabla makaa hayajapoa. Jirani yetu Léontine, Mkongo muuza vitenge, aliingia bila hodi.

"Mama Hajara! Bwana iko nani?"

"Bwana gani? Mimi hapana taka bwana. Mimi nataka magoti!"

"Batu wanasema iko Tahiru."

Mama Hajara alirusha blanketi. Tahiru, fundi cherehani wa sokoni, alikuwa na wake wawili, na hakuna kati yao aliyewahi kuomba mke mwenza wa tatu.

Asubuhi iliyofuata, baada ya swala, alikwenda kwa miguu hadi mtaa wa Awindiri, kwa mke mkubwa wa Tahiru, kujieleza. Yule mama alimsikiliza, akampa chai, akamwambia mke mdogo yuko mtaa wa Mvara na tayari amenunua mwiko wa kumpigia. Mama Hajara akaenda Mvara. Huko akaambiwa habari zimeshafika kwa dada yake Tahiru, upande mwingine wa mji. Kila nyumba aliyoifikia, uvumi ulikuwa umemtangulia nyumba moja. Alitembea hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili na zaidi, mwanzoni akichechemea na kulaani, baadaye akilaani tu.

Léontine, ambaye ndiye aliyeipeleka habari sokoni, aliona haya. Kila jioni alileta mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, akamkanda magoti.

"Bibi harusi, nyoosha mguu."

"Nitakunyoosha wewe!"

Ijumaa moja alisujudu, akainuka, na ukuta haukuguswa. Tulitazamana tu uani.

Koboko, siku ya harusi, duara lilifungwa na ngoma zikaanza. Rabia alisimama mbele kabisa, nguo ameikaza kiunoni, tayari. Mama Hajara akaingia. Akashuka, akafika nusu, akasimama. Goti la kushoto lilikuwa limekataa.

"Dada, nije?" Rabia alinong'ona.

"Kaa hapo hapo!"

Akavuta pumzi, akashuka tena, chini, chini, mpaka pindo la nguo likagusa vumbi. Watu wakapiga kelele. Sasa ilibaki kupanda, na hakupanda. Alikaa pale chini akitingisha mabega, anatabasamu kama mtu aliyepapenda, na sisi wa nyumbani tuliona jasho likimtiririka shingoni. Wapiga ngoma walitazamana, wakapunguza mwendo, wakamsubiri.

Kisha akapanda. Polepole mno, goti moja halafu la pili, na hakushikwa na mtu.