Siku Niliyomwamkia Mtani Wangu

Mgahawa wangu uko Chikongola, nyuma ya maduka ya vitenge. Mpishi wangu ni Mmakonde, mimi Mmakua. Basi jamani, piga picha jiko lenyewe! Sisi ni watani, na utani wetu haulali. Nikiingia asubuhi ananiuliza kama leo nimekumbuka kuoga. Ameshaniahidi kwamba nikifa atakalia jeneza langu mpaka wanangu wampe jogoo. Kanizidi umri kwa mbali, lakini sikuwahi kumwamkia shikamoo hata siku moja, wala yeye hakuitaka.

Na anapika! Pweza wake wa nazi alikuwa anawakusanya madereva wa bajaji mlangoni kabla hata wali haujaiva.

Halafu yakaanza mambo ya chumvi. Siku moja kisamvu kilikuwa chumvi tupu. Nikasema haya, inatokea, labda katia mara mbili. Siku chache baadaye mchuzi ukaja hauna chumvi kabisa, maji ya moto yenye rangi. Mara wali ukaungua, moshi ukatoka mpaka barabarani, naye kasimama palepale anakata vitunguu na kuimba. Wateja wakaanza kupungua. Dereva mmoja akaniambia bila kupepesa macho, "Mama, tutarudi akirudi mpishi wenu wa zamani." Mpishi wa zamani si ndiye huyohuyo!

Kumwambia nilimwambia, wallahi. "Wewe Mmakonde, leo umemimina bahari yote ya Msimbati humu ndani?"

Akapiga mwiko pembeni ya sufuria. "Mmakua ana nini cha kusema kuhusu mapishi? Nyinyi si mnakula chochote kisichokimbia!"

Kesho yake nikarudia, nikakaza uso kabisa. Akakaza wake kunishinda, akaniigiza na ninavyotembea, jiko zima likavunjika mbavu. Mimi mwenyewe nikacheka, sasa ningefanyaje? Kila nililomwambia liligeuka utani. Ningemwambia nyumba yake inaungua, angenijibu nilete mihogo tuchome.

Ndipo ikaja oda. Oda hasa! Semina ya walimu, wiki nzima, chakula cha mchana kwa ukumbi mzima. Nilipokea simu nikapiga vigelegele peke yangu kama bibi harusi asiye na ndugu. Nilipoikata, nikakumbuka chumvi. Chakula cha siku ya kwanza kikiharibika, oda imekwenda, na mpishi wangu ningelazimika kumwambia abaki nyumbani kwake Likombe. Hana mume, watoto wako mbali. Jiko ndilo lililokuwa likimwamsha kitandani.

Asubuhi ya semina nikaingia jikoni. Sikumtania. Nikakunja goti kidogo, nikasema, "Shikamoo, dada."

Mwiko ukamponyoka mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, dada."

"Usiniite dada! Sema, nani amekufa?"

Nikainama nikaokota mwiko. Akanitazama, kisha akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, taratibu.

"Umejua," akasema.

Wala sikuwa nimejua kitu; ndipo akanieleza kwamba tangu alipougua mafua makali, kabla ya mambo ya chumvi kuanza, hasikii harufu. Hasikii ladha. Chumvi alikuwa anaikadiria kwa kiganja na kumwachia Mungu. "Kila uliponitania nilifurahi," akasema, huku machozi yanamtoka. "Nilisema moyoni, maadamu ananitania, bado nina kazi. Sasa umeniamkia. Unanifukuza?"

"Nikufukuze uende wapi? Mikono si unayo?"

"Ninayo."

"Basi pika. Kuonja nitaonja mimi, na cha kuungua nitakinusa mimi. Usiguse chumvi mpaka niseme."

Akajifuta pua kwa khanga. "Ulimi wa Mmakua! Jamani, nimekwisha mimi!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tukapika pweza wa nazi. Ananinyooshea mwiko, naonja, nasema bado. Anatia, naonja, nasema acha hapohapo! Jasho linatutiririka, tunatukanana, bajaji inapiga honi nje.

Mchana nilirudi kutoka ukumbini nikikimbia na masufuria matupu, nikipiga kelele tangu mlangoni. "Wamemaliza! Mpaka ukoko wamekwangua! Wanataka kesho pweza tena!"

Nilitegemea apige vigelegele. Hakupiga. Aliinama akachungulia ndani ya sufuria tupu, akapitisha kidole pembeni, akakiweka mdomoni, akasubiri.

"Mchuzi ulikuwaje?" akauliza.

"Mtamu!"

"Mtamu vipi? Nieleze vizuri."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye. Nikamweleza kwamba tui linatangulia, zito, limejaa mdomo mzima. Halafu ndimu inachoma kidogo huku pembeni ya ulimi. Pweza laini, pilipili inakuja mwisho kabisa, na chumvi imetulia. Alikuwa amefumba macho.

"Rudia pale kwenye ndimu," akasema.

Nikarudia.